Siku Moja Kisiwani, Ili Konsolata Alale

Kwa nini mtu amvute mwenzake kutoka bondeni huku kidevu amekiinua juu, kama aliyejitwisha mtungi uliojaa na anaogopa kumwaga? Nilijiuliza swali hilo njia nzima ya kurudi Kigali.

Tuliondoka kwa sababu dada yangu Konsolata alikuwa amesahau kulala. Mama yetu aliugua miezi saba, na Konsolata ndiye aliyekesha naye nyumbani kwetu Rebero. Tulipomzika, sote tulirudiwa na usingizi isipokuwa yeye. Kila usiku, kwa wiki tano, nilimsikia akifungua mlango wa chumba kitupu cha Mama, akisikiliza, akifunga. Majirani walileta sala za novena na mizizi ya kuchemsha. Mimi, niliyemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia na nisiyeamini novena wala mizizi, nilileta dawa yangu: siku nzima kando ya maji, mahali pasipo na mlango. Mwenzangu wa ofisini, mtaani Muhima, alikuwa amenisimulia kisiwa kidogo katika Ziwa Kivu, upande wa Zaire. "Ukifika pale," alisema, "unalala hata kama hutaki."

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumamosi moja ya mwaka 1992, tulipanda basi dogo kituoni Nyabugogo. Barabara ya Ruhengeri haikuwa na haraka miaka ile ya vita. Kila kizuizi tulishuka, tukaonyesha vitambulisho, tukapanda tena. Kwenye kizuizi cha nne askari alimkodolea Konsolata macho.

"Umelewa?"

"Sijalala."

"Nani amelala?" akasema askari, na kumrudishia kitambulisho chake.

Saa nne tulikuwa Gisenyi. Tulivuka mpaka kwa miguu kwa karatasi ya siku moja, tukaingia Goma na mawe yake meusi, tukapata mtumbwi wa injini. Konsolata alikaa ameshika ukingo kwa mikono miwili. Sikuona kama maji yanampumzisha. Nilianza kuhisi kwamba nami nimechoka, na kwamba dawa yangu haikuwa na ushahidi zaidi ya ile mizizi.

Kisiwa chenyewe kilikuwa kizuri, nakiri. Kimejipinda kama mwezi mchanga, mchanga wake mweusi, na maji ya ndani yametulia kabisa. Pale pa kushukia alikuwapo mwanamke mnene wa makamo akikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu. Aliitwa Mama Furaha.

"Karibuni, watoto wa Kigali. Muko na sura ya watu walishinda wanabeba mawe! Mukae hapa kwa muchanga. Lakini kule nyuma ya mawe, mu kabonde, hapana lala."

"Kwa nini?"

"Iko mupepo mubaya."

"Upepo gani, Mama? Leo hata jani halitikisiki."

"Ni vile vile. Siku jani haitikisike, ndiyo mubaya kabisa."

"Na huo upepo, nani ameuona?"

Mama Furaha alimgeukia mwenye mtumbwi. "Huyu walimusomesha mpaka wapi?" Wakacheka wote wawili. "Weye wa maswali, kula samaki kwanza."

Sikula. Nilitaka kushinda ubishi. Nilimweleza habari za hofu zinazorithiwa na watu wasiouliza, na nilipogeuka kumtafuta Konsolata aniunge mkono, hakuwapo.

Nilimkuta nyuma ya mawe. Palikuwa na kibonde cha majani mabichi, kimepoa, kina kivuli. Mahali pekee kisiwani palipofanana na kitanda. Alikuwa ametandika kitenge chini kabisa na kujilaza ubavu, mdomo wazi kidogo. Amelala! Wiki tano, na sasa amelala. Machozi yalinitoka. Nikateremka hatua moja ili niiname nimvue viatu.

Nilisukumwa kifuani, nikaangukia mawe. Mama Furaha, aliyekuwa amenifuata, alivuta pumzi, akajaza mashavu, akashuka kidevu juu, bila kumtazama Konsolata hata mara moja. Alipapasa kwa mguu mpaka akagusa kitenge, akanyanyua pindo lake kwa vidole vya mguu hadi mkononi, akamburuta dada yangu pamoja nacho kama gunia.

"Umemwamsha!" nilipiga kelele. "Wiki tano hajalala, nawe unamwamsha!"

Alihema kwanza. "Huyu hakukuwa analala," akasema. "Huyu alikuwa anaenda."

Konsolata alitapika, akalalamika kwamba kichwa kinamuuma. Nikasema ni mtumbwi na tumbo tupu.

Mchana ule wote alilazwa kando ya moto, katika moshi na harufu ya samaki, juani. Kila alipofumba macho Mama Furaha aliita: "Konsolata, uko?"

"Niko."

"Lala."

Na baada ya muda mfupi, tena: "Uko?"

Nilikaa mbali, nimefungua kitabu nisichokisoma, nikimchukia mwanamke yule kwa kuyakatakata mapumziko niliyomletea dada yangu kutoka mbali hivyo. Saa tisa tulipopanda mtumbwi alitufungia sambaza katika jani la mgomba. Konsolata alimkumbatia. Mimi sikusema hata asante.

Ndani ya basi, kabla ya Ruhengeri, Konsolata aliniegemea begani akasinzia. Nilipaswa kufurahi. Badala yake, sijui kwa nini, kila kilima nilimgusa: "Uko?"

"Niko," alisema mara ya tatu au ya nne. "Na wewe lala, mdogo wangu."

Miaka mingi ilipita. Nilikuwa mkalimani katika mkutano wa wachimbaji wa gesi ya Ziwa Kivu, na mtaalamu mmoja akasimama kueleza hewa inayotoka ardhini pande zile: haina harufu, ni nzito, na siku isiyo na upepo hutuama mabondeni kama maji ya dimbwi. Aliyesimama hupumua salama, aliyelala huzama. Nikatafsiri. Mara nyingi, akaendelea, hukutwa maiti mbili, na ile ya juu ni ya aliyeinama kumwamsha mwenzake.