Aoko na Mti Usiozaa Maganda

Ua moja tu la mti wa Nandi flemu, jekundu na teke kama ulimi, ndilo lililomwangusha Mwalimu Lornah. Alikuwa akitoka verandani na kikombe cha chai mkononi, akalikanyaga, na kabla Aoko hajashuka ngazi kumkimbilia, mkono ulikuwa umeshavunjika kwenye kifundo.

Aoko aliumia moyoni kama aliyemsukuma. Palepale alikuwa amefagia nusu saa tu iliyopita, kisha akapanda ngazi kuzibua gata, mifereji ya maji ya mvua pembeni mwa paa, maana vijani vya jakaranda vilikuwa vimezijaza hadi maji ya tangi yakageuka rangi. Ndivyo ilivyokuwa miti ile miwili: ukiupa mmoja mgongo ushughulikie mwenzake, wa kwanza unaanza upya. Miaka kumi na tisa alikuwa akipambana nayo, tangu mumewe alipofariki naye akaacha kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni Dunga. Kila asubuhi alitoka mtaa wa Kaloleni, mjini Kisumu, kwa miguu mpaka nyumbani kwa Mwalimu, mjane aliyestaafu, ambaye watoto wake wote walikuwa ng'ambo.

Mwalimu alirudi kutoka hospitali mkono umefungwa plasta.

"Mama Debra," alisema, kwa maana alimwita Aoko kwa jina la bintiye, "miti hii inaondoka. Lakini siwezi kukaa hapa nikitazama ukuta mtupu. Nataka mti wa maua usioangusha kitu."

"Mwalimu, mti usioangusha kitu umekufa. Tuulize unaangusha nini, lini, na kama kinaokoteka."

Mwalimu akacheka, mara ya kwanza tangu aanguke. "Basi chagua wewe. Mimi nimeijua miti kwa macho. Wewe umeijua kwa mgongo."

Jioni hiyo Waswa, bawabu wa nyumba ya jirani, alimsimamisha langoni. Habari ilikuwa imeshamfikia.

"Mama, fikiria vizuri. Uchafu wa ile miti ndio kazi yako. Mwambie apande jakaranda nyingine. Akipanda mti msafi, atakuitia nini?"

Aoko akamuaga akashika njia. Maneno yale aliyabeba mpaka Kaloleni, akalala nayo, akaamka nayo. Kweli, nani angemshuku? Jakaranda ni mti mzuri, kila mtu anaupenda. Lakini kila alipoiwaza jakaranda, alimwona Mwalimu chini, chai imemwagika kifuani, akijaribu kuinuka kwa mkono usioinuka.

Ijumaa akaenda kwa Ndung'u, aliyekuwa na kitalu cha miche kando ya barabara ya kwenda Dunga. Ndung'u alikuja Kisumu kutoka Nyeri akiwa kijana, na sasa aliongea Dholuo, lugha ya Wajaluo, hata wateja wakasahau kwao ni wapi. Alimwonyesha mti wa maua mekundu yanayofanana na brashi ya kusugulia chupa.

"Huo unamwaga nyuzi," Aoko akasema. "Zinaziba mtaro, na mvua ikinyesha zinaganda kwenye saruji."

Akamwonyesha bauhinia, ule ambao jani lake limepasuka kama kwato la ng'ombe.

"Huo nao maganda yake ya mbegu yanapasuka yakikauka. Mbegu zinaota mpaka ndani ya ufa wa ukuta. Lakini kuna mmoja kanisani kwetu, wa maua ya zambarau. Huo hauna ganda hata moja."

"Mama, mti utoe maua usizae? Labda watoto wanayachuma."

"Watoto gani? Mimi ndiye ninayefagia pale kila Jumamosi. Miaka saba, ganda sijaliona."

Ndung'u alikwenda naye, zaidi kwa kumheshimu kuliko kumwamini. Alipofika akauzunguka mti, akainama, akapekua majani makavu, akachunguza matawi kwa muda mrefu. Hatimaye akafuta mikono kwenye suruali.

"Nimesikia habari za bauhinia tasa," alisema polepole. "Nami nimepita hapa miaka yote hii. Huu hauoti kwa mbegu, Mama. Lazima nikate vijiti niviunganishe na miche ya kawaida."

Padri akaruhusu. Vijiti kumi vilikatwa, vinne vikashika. Mvua za masika zilipoanza, mche mmoja ulikuwa umefika kiunoni.

Miti ile miwili ilikuwa imeshakatwa, na Mwalimu alitaka mche upandwe jirani na veranda. Aoko akakataa. "Uende kule kwa ukuta wa mbele. Miguu ipite huku, macho yatazame kule." Karibu na dirisha akapanda franjipani, maana maua yake ni makubwa na machache, unayaokota kwa mkono kama nyanya sokoni. Juu ya gata hakuacha tawi lolote.

Mwaka wa pili bauhinia ilichanua. Maji ya tangi yalikuwa meupe. Aoko alimaliza kufagia uwanja kabla ya saa tatu, kisha akakaa na ufagio magotini, hana la kufanya.

Mwalimu alihangaika wiki nzima kabla ya kulisema. "Mama Debra, naona siku tatu kwa wiki zinatosha."

"Najua, Mwalimu. Nilijua tangu siku niliyouchagua mti."

Aoko alilisema vizuri, bila hasira. Lakini nyumbani alifunga mlango akalia. Waswa, alipomwona kesho yake, hakumkumbusha onyo lake. Alimsogezea kiti tu.

Wiki iliyofuata Aoko akaenda kwa Ndung'u kuomba kazi ya kumwagilia miche. Ndung'u akampa mkebe siku hiyohiyo. Asubuhi ya tatu akaja mwanamke kijana aitwaye Wangechi, amejenga karibuni, anataka mti wa kivuli mahali anapoegesha gari. Ndung'u alikuwa ameshashika mche wa jakaranda.

"Gari lako ni la rangi gani?" Aoko akauliza.

"Nyeupe."

"Basi ukipanda huo, utalifuta maua kila asubuhi msimu mzima."

Wangechi akaondoka mikono mitupu. Ndung'u alinuna mpaka saa sita, haongei ila na miche.

Jumatatu Wangechi alirudi na dada yake. "Yule mama yuko wapi?" aliuliza. "Tunataka atuambie ukweli." Wakasimama naye saa nzima katikati ya miche, wakiuliza kila mmoja unaangusha nini, naye akiwajibu, huku Ndung'u akisikiliza nyuma yao. Walichukua bauhinia mbili tasa na franjipani moja.

Walipoondoka, Ndung'u alileta kiti cha plastiki akakiweka kivulini, karibu na mlango ambapo wateja huingilia.

"Mkebe mwachie mwingine," alisema. "Wewe kaa hapa. Kesho kuna mtu anatoka Sondu, ana ua mkubwa na mke anayechukia kufagia."

Aoko akakaa, akanyoosha miguu. "Mwambie aje na picha ya paa lake," alisema.