Nililala Ndani ya Gari Dogo, Nikasifu Kubwa

Admin, ficha jina langu kabisa, ndugu yangu husoma ukurasa huu kila akitoka kazini.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na nne. Kwetu ni magharibi, lakini mwaka wa tisa huu niko Uthiru naosha magari. Shule niliachia darasa la saba, mnisamehe nikikosea. Mgongo umeisha kwa kuinama, ila si mgongo ulionifanya niandike.

Mwaka jana baba alianguka kutoka paa alilokuwa akiezeka, mguu wa kulia ukavunjika mara mbili. Ndugu yangu mkubwa, ambaye huuza nyama Dagoretti, akamleta kwake hapa Uthiru. Hospitalini mjini walimfunga vyuma vinavyotokeza nje ya ngozi, wakasema goti lisikunjwe, na kila Jumanne arudi kliniki. Ndugu yangu akaamua kununua gari. Kwa vile mimi ndiye ninayeshinda na magari, akaniita kwenye yadi nimchagulie. Shemeji yangu, mke wake, akaja pia, maana yeye ndiye anayemwosha mzee na kumvalisha.

Yalibaki mawili ya bei moja. La kwanza lilikuwa la saizi ya chini kabisa, pua fupi kama imekatwa na panga, paa limeinuka kama mkate. Nililipima kwa hatua, zikawa nne. La pili lilikuwa jeusi, refu, la kupanda kwa kujivuta, hatua sita kasoro. Ukiyatazama kwa nje utaapa kwamba moja linaingia ndani ya jingine. Lakini sisi waoshaji huingia na mashine ya kunyonya vumbi tukatambaa mpaka chini ya viti, na magoti ndiyo hutuambia ukweli. Urefu wa gari kubwa unaweza kuliwa na injini na buti, milango ikawa minene, na katikati ya sakafu ukakuta nundu. Na kuna madogo ambayo karibu yote ni chumba.

Siku hiyo hata sikukisia. Niliingia lile dogo peke yangu, nikalaza kiti cha abiria cha mbele kikawa bapa, nikakaa nyuma na kunyoosha mguu. Ulilala wote kama kitandani, na mimi na baba kimo ni kimoja. Kisha nikaingia lile jeusi, nikafunga mlango. Kiti cha mbele kilikataa kulala. Nilikisukuma mbele mpaka mwisho, na bado goti langu lilibaki limekunjika. Wao walikuwa nje wakiongea na muuzaji, na vioo ni vyeusi.

Nikatoka nikamwambia ndugu yangu, "Chukua hii nyeusi. Hii ndio iko na nafasi."

Shemeji akauliza kama mguu wa mzee utatoshea kweli, maana yeye anaona ile ndogo iko wazi zaidi ndani. Nikamcheka. "Shem, wewe umewahi osha gari ngapi?"

Akamgeukia mumewe. "Tunanunua gari ya mzee ama ya majirani?"

Ndugu yangu akamwambia aniache, najua kazi yangu.

Nilikuwa na sababu, na ni ya aibu. Miaka tisa nimeng'arisha magari makubwa ya matajiri wa Karen, nikirudisha funguo na kurudi kwenye maji. Nyumbani huwa naingia kwa miguu na mkoba mmoja. Nilijiona Krismasi tukiingia bomani na lile jeusi, mimi kiti cha mbele, watu wakitoka kutazama. Hilo tu.

Lile jeusi likanunuliwa. Tulijaribu kumlaza mzee kwenye kiti chote cha nyuma, akawa anateleza kila kona. Basi akawa anakaa kimshazari, kisigino kikiegemea mto nyuma ya kile kiti cha mbele, na shemeji akishikilia mguu kwa mikono miwili mpaka mjini. Jumanne ya sita, kwenye foleni ya Waiyaki Way, ndugu yangu alifunga breki ghafla. Mguu haukuwa na pa kwenda. Vyuma vikagonga kiti. Mzee hakupiga kelele, alitaja tu jina la marehemu mama. Mfupa uliokuwa umeanza kushikana ukaachana, akapasuliwa upya.

Jioni hiyo, mbele yangu, ndugu yangu alimwambia mkewe, "Kazi yako ilikuwa kushika mguu. Mguu tu." Mimi nilikuwa natafuna. Niliendelea kutafuna. Mwezi wa pili sasa hawaongei ila habari ya unga na mafuta. Shemeji hajawahi kunitaja. Ananipakulia kama zamani, ila akiweka sahani haniangalii.

Jumapili nilimuuliza mzee kama gari humsumbua. Akanishika mkono. "Gari ni nzuri, kijana yangu. Ni mguu yangu ndio ndefu."

Sasa daktari amemruhusu akapone nyumbani, vyuma vikiwa bado mguuni. Tunasafiri Jumamosi, masaa manane barabarani. Ndugu yangu amesema lazima nije nisaidie kumbeba, na amenipa kiti cha mbele. Kile nilichokitamani. Nikikikalia itabidi kirudi nyuma magoti yangu yaenee, na kitakaporudi kitaukuta mguu wa baba.

Ndugu yangu ndiye aliyenileta Nairobi na kunitafutia hii kazi. Akijua nilijaribu yote mawili nikamdanganya, sitakuwa na ndugu. Nisiposema, shemeji ataendelea kubeba kosa langu, na baba ataendelea kulaumu mguu wake.

Nyinyi mnaosoma, mngeanza na nani: ndugu, shemeji, au mzee mwenyewe? Niambieni kabla ya Jumamosi, hata kwa matusi.