Ugonjwa wa Upande wa Pili

Shavu la mdogo wangu lilipoanza kuvimba, bibi zangu wawili walipata la kusemeana. Si kwamba walikuwa wamelikosa kabla ya hapo. Bibi mzaa baba alitoka Sengerema, kwenye ng'ombe na mihogo. Bibi mzaa mama alitoka Bukoba, kwenye kahawa na wajomba waliosoma. Ilikuwa miaka ile ya soko huria: baba amepunguzwa kiwandani, anauza mitumba, nasi tumepanga vyumba viwili mtaa wa Mirongo, mjini. Bibi wote wawili wakaja kuuguza, wakalala kitanda kimoja, kila mmoja akiutazama ukuta wake.

"Ni jino," alisema wa Sengerema. "Soda na biskuti hizi za siku hizi. Kwetu mtoto anakunywa maziwa."

"Tena yasiyochemshwa, mkwe," alijibu wa Bukoba, kwa ule upole wake wa kuudhi. "Kwetu ugonjwa huu haupo."

"Hata kwetu haupo!"

Basi ukawa ugonjwa usio na kwao. Jino liling'olewa, shavu likazidi kuvimba, na mjadala ukaendelea mpaka jicho likaanza kusukumwa juu. Hapo mama alimbeba mdogo wangu mgongoni akaenda hospitali kubwa bila kumuaga mtu. Bibi walimfuata mbio, kila mmoja akitaka kufika wa kwanza.

Daktari alisema ni kansa ya taya. Niliogopa sana, maana mama alikaa chini sakafuni. Lakini bibi wa Bukoba alikuwa bado anatafuta hukumu.

"Samahani daktari, huu ni ugonjwa wa watu wa namna gani?"

"Wa watoto, mama. Huku ziwani kwenye malaria nyingi tunauona zaidi, ila sababu yote hatuijui. Dawa zipo. Zinatolewa kwa awamu, na msikatishe hata akionekana mzima."

Kwa kukosa mshindi, wakahamishia mashindano kwenye vyakula. Huyu alileta supu ya sato, yule ndizi za nyama. Mdogo wangu, aliyekuwa na dripu mkononi, alitapika vyote bila upendeleo.

Baada ya awamu ya pili shavu lilinywea kabisa. Baba alifurahi, akasema turudi nyumbani. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na mama mmoja kutoka kisiwani, na binti yake aliyekuwa na uvimbe kama wetu. Wake nao ulikuwa umeisha. Mama yule alikuwa anafunga kanga zake.

"Wewe mwanangu, hukumsikia daktari?" bibi wa Bukoba alimuuliza.

"Nimemsikia, mama. Lakini nimeacha wengine watatu kwa jirani, na jirani amechoka. Nyie mmoja akienda, mwingine anabaki. Mimi nikiwa hapa, kule hakuna mtu."

Aliwaaga kwa heshima, goti moja kwa kila bibi, akaondoka na mtoto wake akirukaruka.

Bibi wa Sengerema alimgeukia baba. "Nenda kwenye mitumba yako. Sisi tunabaki."

Walibaki, wakipokezana na kununiana, awamu zote. Mdogo wangu alipona. Siku ya kuruhusiwa, bibi wa Sengerema alimuuliza nesi habari za binti wa kisiwani. Nesi alisema alirudishwa wodini uvimbe ukiwa umefika shingoni. Hakukaa sana, Mungu akamchukua.

Tulitoka nje. Nilikuwa na furaha ya kurudi na mdogo wangu, na niliionea aibu. Getini bibi wa Sengerema alisimama, akaweka kapu chini.

"Mkwe," alisema, "tulikuwa wawili pale, kwenye kitanda kimoja. Mmoja wetu angeweza kwenda kukaa na wale watatu wa kisiwani."

Bibi wa Bukoba aliinama, akaliokota kapu la mwenzake, akalibeba yeye.