Mama Kanda na Tarumbeta Aliyoizima

Saa tatu asubuhi, Mama Kanda anafungua mashine ya kukaushia matunda na kutoa rili moja ya kanda ya muziki. Tangu ainunue, mashine hiyo haijawahi kuona tunda. Rili ilikaa humo kwenye joto la nyuzi hamsini na nne kwa saa nane jana, kisha ikaachwa ipoe taratibu.

"Usiniongeleshe sasa hivi," anamwambia mwandishi aliyemtembelea, bila kugeuka. "Nikishaifunga utauliza utakalo."

Anaipitisha kanda kwenye vigurudumu vya mtambo wake wa zamani, pole pole, mdomo umebanwa. Chumba chake cha kazi kina upana wa hatua nne, na kuta zake zimefunikwa magodoro makuukuu ili kuzuia mwangwi. Kazi hii ameifanya kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Gundi ya kanda za miaka ile inanyonya unyevu," anaeleza akishamaliza. "Ukiipiga kanda kabla ya kuikausha, inalia na kumwaga unga wa kahawia. Unga ule ndio muziki wenyewe. Ukimwagika hauzoleki."

Mama Kanda, mwenye umri wa miaka 59, huokoa sauti zilizo kwenye kanda kuukuu: harusi, mahubiri, salamu za marehemu kwa wanawe. Mwezi mzuri hupata kazi kumi. Mwezi mbaya hupata mbili, na hapo cherehani ya dada yake ndiyo inayolisha nyumba.

Kazi ya leo, hata hivyo, ni deni la moyo. Miaka 27 iliyopita alikuwa fundi sauti wa bendi ya vijana saba waliopiga ska ya Jamaika iliyochanganywa na fujo za roki ya punk: gitaa la kukatakata, ngoma za mbio, na juu ya yote tarumbeta. Bendi ilivunjika. Sasa waliobaki wanatoa santuri ya nyimbo 19: kumi na tatu za mazoezini ambazo hazikuwahi kutoka, na sita za onyesho lao la mwisho.

Aliposikiliza kanda ya onyesho hilo, alikaa chini. Tarumbeta haimo.

"Ni mimi niliyeizima," anasema. "Ukumbi ulikuwa mdogo. Tarumbeta ilijitosheleza yenyewe, haikuhitaji spika. Kwa hiyo kwenye mixa, ile meza ya kuchanganyia sauti, nikaishusha mpaka chini ili mwimbaji naye asikike. Watu ukumbini walifurahi. Lakini kanda hunasa kinachopita kwenye mixa tu, na mimi kwa ujinga wangu sikulifikiria hilo."

Mpigaji wa tarumbeta hiyo, ambaye wote humwita Mapafu, hawezi kurudia. Kiharusi kilimpiga miaka miwili iliyopita na kumwacha na mdomo uliopinda. Mwimbaji wa bendi amekwisha kumwita kijana mmoja hodari aje leo saa tisa mchana kuijaza sauti iliyokosekana.

Imebaki njia moja tu. Usiku wa onyesho lile, Mama Kanda alitundika maikrofoni moja nyuma ya ukumbi, kwa majaribio, ikarekodi kwenye rili nyingine. Hakuwahi kuisikiliza. Ndiyo hii iliyo kwenye mtambo. Kama tarumbeta imo, ataichanganya na kanda ya mixa. Kama haimo, pumzi ya Mapafu haitasikika popote kwenye onyesho hilo.

Saa nne kasorobo, Mapafu anaingia akiburuta mguu wa kulia. Amevaa shati lililopigwa pasi kama anayeenda kuposa.

"Karibu, kaka. Kabla hujakaa, kuna jambo," Mama Kanda anaanza, na anamwambia yote, macho kwenye sakafu.

Mapafu anajishusha kwenye kiti. "Nilijua usiku ule ule, tangu wimbo wa tatu," anasema, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo. "Spika ya miguuni kwangu ilikuwa bubu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, dada? Nilikuwa napulizia watu, si kanda." Anaitazama rili. "Sasa watu wametawanyika. Iliyobaki ni kanda."

Mama Kanda anabonyeza kitufe.

Kwanza ni makelele ya umati, mtu anakohoa, chupa inavunjika. Gitaa linaingia. Halafu tarumbeta inapanda juu ya kila kitu, chafu, ya mbali kidogo, yenye hasira ya kijana wa miaka thelathini na nne. Mapafu anaufunika mdomo wake kwa kiganja.

Mama Kanda ameweka kidole karibu na rili, tayari kuisimamisha. Wimbo wa kwanza unapita. Wa pili. Wa tatu. Kwenye wa nne unasikika mlio mwembamba, na fundi anaacha kupumua mpaka unapotea. Wa tano unapita.

Wa sita unasikika sekunde ishirini tu. Kanda inapiga ukelele, vigurudumu vinakwama, Mama Kanda anazima. Anafuta kichwa cha mtambo kwa pamba na spiriti, anajaribu tena, na unga unamwagika mezani. Anainua kipande cha kanda dirishani. Mwanga unapita moja kwa moja. Ni plastiki tupu.

"Umekwenda," anasema, na machozi yanamtoka bila kificho.

Simu inalia. Ni mwimbaji, na Mama Kanda anaiweka kwenye spika. "Kijana anajiandaa kuja. Kuna kazi au hakuna?"

"Tano tunazo," anajibu Mama Kanda. "Wa sita..." Anamtazama Mapafu.

Mapafu anatikisa kichwa. "Asiwekwe mtu. Uacheni ulivyo."

"Utasikika una shimo katikati," mwimbaji anaonya.

"Shimo ni langu," anasema Mapafu.

Mchanganyo wa nyimbo tano utamchukua Mama Kanda siku nne, na Jumatatu kazi yote inakwenda kiwandani. Zikipatikana nakala za ziada, anataka moja ikae kwa kila mtu aliyekuwa ukumbini usiku ule, na ameanza kuwatafuta.

Kabla ya yote anataka jalada liseme kweli. Anachukua karatasi na kuandika chini ya wimbo wa sita: "Tarumbeta: Mapafu. Alipiga. Fundi aliizima, anaomba radhi."

Mapafu anaisoma mara mbili. Anaomba kalamu, anaishika kwa mkono wa kushoto, na kwa shida anaikata sentensi ya mwisho.

"Hii ni santuri, dada, si barua," anasema. "Bakisha hapo ulipoandika kwamba nilipiga."