Sakafu ya Hafsa

Jirani yangu Mdoe akishaamua jambo, ni sikio la kufa, halisikii dawa. Mkewe Hafsa alikuwa amelazwa hospitalini hapa Korogwe, na daktari akasema mgonjwa akauguziwe nyumbani. Kila mtu anajua maana ya maneno hayo. Miguu ya Hafsa ilikuwa imeishiwa nguvu, anajikokota kwa makalio, na ombi lake lilikuwa moja tu: akae jikoni kwake, apike hata uji, kabla hajaondoka.

Sakafu ile ingemchubua. Basi Mdoe akaamua kutandika kapeti la plastiki. Kazi aliifanya, haki ya Mungu! Alikwangua masizi na mafuta ya miaka yote, akasugua kwa sabuni ya unga, akagonga vinundu kwa tindo, akaziba mashimo kwa saruji. Kokoto moja tu ikibaki, alisema, kapeti litatoboka.

Lakini katikati palikuwa na mafiga matatu, yamekitwa sakafuni. Hafsa aliyachagua mwenyewe kwao Mazinde alipoolewa. Mdoe akayang'oa, akayapanga nje, upenuni, akapaziba kwa saruji; kapeti lingetandikwa ikishakauka.

"Mdoe," nilimwambia, "mafiga ya mwanamke hung'olewa akishazikwa. Yarudishe."

"Mambo ya kizamani hayo, dada. Atapikia jiko la mkaa."

Nilikasirika, nikaenda zangu.

Hafsa aliletwa kwa bajaji. Mdoe alipombeba kumwingiza ndani, macho ya Hafsa yakaangukia mafiga pale upenuni. Hakulia.

"Baba Mwanaidi, mmeshanizika?"

Mdoe akaanza kueleza habari za kokoto, za saruji, za kapeti lenye maua. Hafsa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umefanya kazi nzuri," alisema. "Nilaze chumbani."

Hakuomba tena kwenda jikoni. Kesho yake Mdoe aliivunja saruji yake mwenyewe, akayakita mafiga pale pale, akawasha moto, akaenda kumwita. Hafsa akageukia ukutani. Iliniuma, jamani, kumwona mwanamume mzima amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

Tulimzika wiki ile ile. Baada ya matanga wazee walimwambia Mdoe kwamba sasa ndiyo wakati wa kuyang'oa mafiga. Alikataa. Anapikia hapo uji wake peke yake, na kapeti limesimama kwenye kona, bado limefungwa kamba ya dukani.