Mutura Itakuwa Mezani Jumamosi

Hata leo nikifumba macho naiona asubuhi ile ya Naivasha, nimevaa aproni nyeupe na viatu vya kuazima, nangoja kuonja mvinyo kwa mara ya kwanza maishani. Imenirudia, mwanangu, tangu uliponipigia simu juzi. Ulisema wakwe zako watakuja hapa Kiamunyi Jumamosi na chupa ya mvinyo mwekundu wa Australia, kwa hiyo nitafute nyama ya kondoo na jibini, na mutura yangu, utumbo wa kujazwa ule ninaochoma, nisiionyeshe. Kwenye simu nilikuitikia tu. Leo nasema yangu.

Nilikuwa mhudumu mchanga katika hoteli moja kando ya ziwa. Meneja alikuwa amepokea katoni za mvinyo wa aina hiyo hiyo, wa zabibu za Shiraz na Cabernet zilizochanganywa. Akatuita tuonje, kila mmoja ataje chakula kinachofaa kuliwa nao. Ambaye angejibu vizuri angefanywa kiongozi wa wahudumu, na mimi nilikitaka cheo hicho hadi nikakosa usingizi. Nilikuwa nimekariri yote yaliyokuwa kwenye karatasi aliyotugawia: kondoo wa kuokwa, steki, jibini ngumu. Jibini yenyewe sikuwa nimewahi hata kuiona.

Nikaonja. Ulikuwa mkavu, una ukali wa pilipili manga na harufu ya moshi kwa mbali. Kitu cha kwanza kilichonijia akilini ni mutura ya baba yangu.

Baba alikuwa akichoma mutura kule Kihoto, utumbo wa mbuzi uliojazwa nyama, damu na dhania, na wafanyakazi wa mashamba ya maua walimpangia foleni. Kila Jumamosi aliwaletea walinzi wa hoteli yetu. Siku hiyo mpishi mkuu, Mzee Kiprono, akamwambia aingie mpaka mezani kwetu, mutura nayo ionjwe. Baba akaja na sinia lake na gambuti zake. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu nizaliwe aliniita Mama.

Meneja akakunja pua. "Huyu ni nani? Kuna mtu anamjua?"

Nikatazama chini. "Hapana, boss. Ni mtu tu wa kuuza mutura."

Afadhali baba angenizaba kofi. Aliweka sinia mezani polepole, akaniuliza mbele ya wote, "Mama, kwani mimi ni wa nani?"

Aibu ile inanichoma mpaka leo. Halafu nikapandwa na hasira, kwanza kwa nafsi yangu, kisha kwa ile karatasi niliyoikariri kama katekisimu. Nikachukua kipande cha mutura, nikala, nikashushia na mvinyo.

"Huyu ni baba yangu," nikasema kwa sauti. "Na hii ndiyo inaenda na hii wine, boss. Hiyo cheese yako sijawahi onja. Siwezi danganya wageni."

Mzee Kiprono akammiminia baba kidogo kwenye glasi. Baba akanywa, akatafuna mutura, akafikiri.

"Hii kitu ni kali," akasema. "Lakini mutura imeisaidia."

Cheo sikukipata. Alipewa msichana aliyetaja jibini, na sijajuta hata siku moja.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usiniulize tena kama chakula chetu kinaufaa mvinyo wa watu. Mvinyo ndio uliotoka mbali, acha uonekane kama unatufaa sisi. Kondoo nitachoma, maana anaelewana nao kweli, na mukimo wa viazi na mahindi ya kupondwa utakuwepo. Samaki wa ziwa hapana, mvinyo huo utaifunika ladha yake. Kachumbari usiizidishe pilipili, mdomo utawaka moto. Jibini nunua ukitaka, lakini uionje kwanza kabla hujaisifu kwa mtu.

Mutura itakaa katikati ya meza. Wakiuliza ni nini, sitajibu mimi. Utajibu wewe, umeinua kichwa, kwamba hiyo ndiyo kazi ya babu yako iliyomlea mama yako.

Mungu akujalie nyumba isiyokosa wageni, na sahani zisizofichwa. Na siku ukiulizwa wewe ni wa nani, mwanangu, akupe ulimi wa kujibu upesi kuliko mimi.