Nilivyoitengeneza Video ya Baba

Ninyi mnaoniita fundi wa kompyuta hapa Tunduma, someni kisa hiki kwanza ndipo mniletee mashine zenu.

Jumapili nilipanda kwetu Mbozi kumpelekea mama video ya zamani, marehemu baba akivuna kahawa. Nilikuwa nimeitoa kwenye mkanda na kuiweka kwenye laptop bila hata kuiangalia. Majirani wakajaa sebuleni. Nikabonyeza. Jogoo akasikika akiwika, lakini kioo kilikuwa cheupe tupu.

"Tulieni," nikasema kitaalamu. "Ni draiva ya kadi ya picha."

Nikaifuta programu hiyo, nikapakua nyingine kwa bando langu, nikaianza video upya. Weupe uleule. Nikazima. Nikaingia kwenye setingi, nikainyang'anya kadi ya picha kazi ya kuchezesha video, nikawasha mashine upya. Weupe. Nikazima tena, nikaanza kuwahubiria majirani juu ya kadi feki zinazopita mpakani. Waliitikia kwa heshima, chai ikiwapoea mikononi.

Niliponyoosha kidole kuzima mara nyingine, mama akanishika mkono.

"Acha, baba. Huo ni ukungu wa asubuhi. Umeusahau?"

Ukungu uliokuwa ukinilowesha sweta kila siku nikienda shule!

Tukangoja. Weupe ukasogea, mibuni ikaonekana, kisha kofia ya baba, kisha baba mwenyewe, anacheka.

"Umeona?" mama akasema, macho yake kwenye kioo. "Kila akitaka kutokea, wewe unamzima."